Horace Silver: wepesi uliofanyiwa kazi

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu hapa Mwanza, na miezi hii nimeanza kujifunza jazi mwenyewe. Kila ninayemuuliza nianzie wapi ananitajia Horace Silver, kwamba ni mmoja wa waanzilishi wa hadibopu. Nimemsikiliza. Nyimbo ni nzuri, lakini mbona nyepesi? Wapo wapiga piano ambao vidole vyao vinakimbia mpaka nashindwa kuvifuata. Yeye anapiga kama mtu anayeongea. Ukubwa wake uko wapi? Na je, katika wanamuziki hao yupo aliyewahi kuigusa lugha yetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umesikia vizuri kuliko unavyodhani. Ni kweli anapiga kama mtu anayeongea, na ni kweli wimbo wake ukiusikia asubuhi, jioni utajikuta unaupigia mluzi huku unafua nguo. Hicho ndicho alichokitafuta maisha yake yote, na alikipata kwa kazi kubwa. Nitakuonyesha kazi yenyewe iko wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwetu sisi "jazz" lilikuwa jina la bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Muziki ule naupenda mno, lakini ni dansi, ni mambo mengine. Hadibopu ni mtindo wa jazi ya Wamarekani Weusi uliokomaa katikati ya miaka ya 1950, hasa New York, ukilishwa na vijana waliotoka Detroit, Philadelphia na miji ya jirani. Miaka kumi kabla yake, Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wameleta bibopu: mwendo wa kasi, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazobadilika kabla sikio halijatulia, solo ndefu zilizojaa noti. Muziki mkubwa sana ule, ila wacheza dansi walibaki wamekaa. Wanahadibopu waliichukua elimu yote ya bibopu wakairudisha nyumbani, kwenye bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, kwenye makofi ya kanisani, kwenye mdundo unaomfanya mtu atikise kichwa bila kuambiwa. Nawe umetokea kwaya. Mlango wa nyumba hiyo unaujua tayari.

Horace Silver alizaliwa tarehe 2 Septemba 1928 huko Norwalk, mji mdogo wa jimbo la Connecticut. Baba yake, John Tavares Silva, alikuwa mtu wa kisiwa cha Maio katika Visiwa vya Cape Verde, wakati huo chini ya Wareno. Marekani jina la Silva likageuka kuwa Silver. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mpira, na nyumbani alipiga fidla na gitaa. Mama yake, Gertrude, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mama huyo alifariki Horace akiwa na miaka tisa tu.

Nataka uione ile nyumba. Baba na jamaa zake wa Cape Verde walikuwa na desturi ya kukusanyika kwa sherehe jikoni: magitaa, fidla, nyimbo za visiwani kwao, chakula, watu wakicheza hapo hapo kati ya meza na jiko. Mtoto anasikiliza. Nyimbo zenyewe zinaimbwa na watu waliochoka na kazi ya kiwandani, hakuna anayesoma noti, na wimbo usioshikika kichwani hauwezi kudumu mahali kama hapo. Ninaamini kipimo cha Silver cha wimbo mzuri kilitoka jikoni mle kabla hajagusa piano. Kwa muda mrefu yeye mwenyewe hakulijua hilo, nami nitalirudia.

Akiwa na miaka kama kumi, baba yake alimchukua Jumapili moja mpaka Rowayton, kwenye bustani ya starehe ya ufukweni. Siku hiyo ilikuja bendi kubwa ya Jimmie Lunceford, bendi ya watu Weusi iliyovaa vizuri na kupiga kwa nidhamu kali. Ndani walikuwa wanaruhusiwa Wazungu tu. Mtoto alimsihi baba wasiondoke kwanza, wakabaki nje wakichungulia kwenye nafasi za mbao. Hapo ndipo alipoamua kuwa mwanamuziki. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, na kila mwaka hunigusa upya: muziki uliokuja kumlea aliupokea kwa mara ya kwanza kupitia ufa wa ukuta.

Kuhusu kujifunza, sikiliza hapa, maana wewe nawe unajifunza mwenyewe. Aliweka santuri, akapunguza mwendo wa gramafoni, akatafuta noti moja moja kwenye kinanda chake. Alikariri hivyo kipande cha bluzi cha "After Hours", kilichopigwa na Avery Parrish, chote kama kilivyo. Shuleni alipiga pia saksofoni ya tena (tenor, ile ya sauti nene), akimpenda sana mpiga saksofoni Lester Young. Usilipuuze hilo la saksofoni. Mpiga saksofoni anahitaji pumzi, na pumzi ikiisha lazima anyamaze. Sikiliza mkono wa kulia wa Silver kwa makini: anasema sentensi, anapumua, anasema nyingine. Wewe umesema anaongea. Hiyo ni pumzi ya saksofoni ndani ya piano.

Mwaka 1950 alikuwa anapiga na kikundi chake cha watu watatu huko Hartford, mji mkuu wa Connecticut. Akapita Stan Getz, mpiga saksofoni aliyekuwa na jina tayari, akawapenda, akawachukua wote watatu. Mwaka uliofuata Silver alihamia New York. Huko mambo yalikwenda haraka. Oktoba 1952 alirekodi kwa mara ya kwanza kwa jina lake katika kampuni ya Blue Note, kampuni ndogo iliyoendeshwa na wahamiaji wawili kutoka Ujerumani, Alfred Lion na Francis Wolff. Nafasi ile ilikuwa ya mtu mwingine, mpiga saksofoni Lou Donaldson. Alipokosa kuja, wakamwambia Silver apige na kikundi cha watu watatu tu. Alibaki na kampuni hiyo kwa zaidi ya robo karne.

Februari 1954 alikuwa kwenye klabu ya Birdland na mpiga dramu Art Blakey, pamoja na Donaldson, mpiga tarumbeta Clifford Brown na mpiga besi Curly Russell, na usiku huo ulirekodiwa. Ukiusikiliza utasikia moto, lakini bado ni bibopu yenye misuli. Mtindo mpya wenyewe unausikia vizuri mwishoni mwa 1954 na mwanzoni mwa 1955, Silver na Blakey waliporekodi na Kenny Dorham kwenye tarumbeta, Hank Mobley kwenye saksofoni ya tena na Doug Watkins kwenye besi. Bendi hiyo iliitwa Jazz Messengers. Walirekodia sebuleni kwa wazazi wa fundi wa sauti Rudy Van Gelder, huko Hackensack, New Jersey.

Hapo kuna kisa ambacho ndani yake limo karibu jibu zima la swali lako. Silver alileta wimbo unaoitwa "The Preacher", yaani "Mhubiri". Una vipimo 16 (vile vigawanyo vya mapigo vya wimbo) na unapokelewa kama pambio: mstari unaitwa, mstari unajibiwa. Umejengwa juu ya mwendo wa kodi za wimbo wa zamani wa Waingereza ambao walevi huuimba wakirudi nyumbani. Alfred Lion hakuutaka. Aliuona wa kizamani, rahisi mno kwa bendi ya kisasa. Silver, akiwa na Blakey upande wake, akajibu kwamba basi waahirishe kazi mpaka atunge mwingine. Lion akakubali yaishe, wakaurekodi. Ukawa wimbo uliopendwa kuliko wote katika rekodi ile, ukapigwa kwenye mashine za muziki za baa mitaani, na mlango ukafunguka kwa kundi zima la wanamuziki waliotaka kupiga jazi yenye harufu ya kanisa. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza jazi aliudhania kuwa mwepesi, kama wewe. Alidanganywa na uso wa wimbo.

Mwaka 1956 Silver aliondoka akaunda bendi yake ya watu watano: tarumbeta, saksofoni ya tena, piano, besi na dramu. Jina la Jazz Messengers akaachiwa Blakey. Mpangilio huo wa watu watano ukawa kama sare ya hadibopu. Waliopita mikononi mwake ni wengi: Donald Byrd, Art Farmer, Blue Mitchell, Junior Cook, Louis Hayes, Joe Henderson, Woody Shaw, baadaye Billy Cobham na ndugu wawili Randy na Michael Brecker. Wengi walifika vijana, wakatoka viongozi.

Sasa ule ukubwa wenyewe, na hapa nakuomba ukae kwenye kinanda chako kabisa.

Tafuta "Song for My Father", yaani "Wimbo kwa Baba Yangu", aliourekodi tarehe 26 Oktoba 1964. Ninyi wa kwaya mnasoma sol-fa, kwa hiyo weka Do iwe A flati. Wimbo uko kwenye mainori, ngazi ya sauti yenye huzuni, nyumbani kwake ni La, ambayo ni F. Mkono wa kushoto unaanza na La, unagusa Mi, unarudi La. Ni noti mbili tu, ila zina mwendo wa bosanova, mdundo wa Brazil, La ikivutwa na Mi ikija kama mtu anayeruka dimbwi. Baada ya vipimo viwili kodi inashuka kwenda So, kisha Fa, kisha Mi, halafu inarudi nyumbani La. Ngazi nne za kushuka, mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuzishika.

Umezishika? Haya, sasa angalia alichokificha. Hesabu. Sehemu ya kwanza ina vipimo 8, inarudiwa, kisha sehemu ya pili vipimo 8. Jumla 24. Nyimbo nyingi za jazi za wakati ule zina vipimo 32, na zinapomaliza sehemu ya pili hurudi tena kwenye ya kwanza ili msikilizaji afike nyumbani. Silver hakurudi. Amekata ule mrudio wa mwisho, ndiyo maana wimbo unaonekana hauna pa kukaa, unazunguka tu, unakudai uendelee. Na mwishoni mwa sehemu ya pili bendi nzima inakata ghafla, kimya, kisha mdundo unaingia tena. Ukipiga wimbo huu na wenzako mara ya kwanza, mtagongana hapo. Mimi nimewaona watu wanaosoma noti ngumu wakigongana hapo.

Kisha sikiliza anavyomsindikiza Joe Henderson. Silver ndiye anayepiga solo kwanza, halafu Henderson anaingia na saksofoni kwa sauti ya chini, kama mtu anayeanza hadithi. Usimfuate Henderson. Fuata piano chini yake. Silver anamrushia vipande vifupi, vigumu, vinavyorudiwa rudiwa kama mistari ya matarumbeta ya bendi kubwa. Lunceford huyo, yule wa kupitia ufa wa ukuta! Anamchochea, anampandisha ngazi kwa ngazi, na Henderson anapofika juu na kupiga kelele unajua kabisa hakufika peke yake. Wapiga piano wengi humsindikiza mwenzao kwa heshima na utulivu. Silver alisindikiza kama mama wa kanisani anayejibu mahubiri.

Na huo mkono wa kushoto. Hupiga chini kabisa ya kinanda, noti zilizobanana, fupi, zinanguruma kuliko kuimba. Ukizisikia peke yake unaweza kudhani amekosea. Ukizisikia pamoja na mkono wa kulia unagundua zinafanya kazi ya ngoma. Katika picha alizopiga Francis Wolff utamwona ameinama juu ya kinanda, nywele zimemwangukia usoni.

Habari ya wimbo huo ni hii. Februari 1964 alikwenda Brazil, akafikia kwa mwanamuziki Sérgio Mendes, akasikia bosanova mahali pake. Alirudi akitaka kutunga kitu chenye mdundo ule. Alipoutunga akagundua kwamba wimbo wenyewe haukutoka Brazil, ulikuwa unafanana na zile nyimbo za jikoni. Miaka mingi baba yake alikuwa akimwambia atumie muziki wa Cape Verde, naye akikosa njia. Njia ikapatikana kwa kuzungukia Rio. Kwenye jalada la albamu hakujiweka yeye. Aliweka picha ya mzee mwenyewe, John, kavaa kofia, ana sigara kubwa, ametulia. Mwaka uliofuata akarekodi nyingine, "The Cape Verdean Blues". Na mwaka 1974 kundi la roki la Steely Dan liliuanza wimbo wao maarufu kwa ule ule mwendo wa besi wa La na Mi, hivyo mamilioni ya watu wamelisikia jiko la Norwalk bila kulijua.

Jambo moja la maisha, kwa kuwa najua utaanza kutunga. Silver alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa jazi kushika haki za nyimbo zake mwenyewe. Alianzisha kampuni akaiita Ecaroh, ambalo ni jina Horace limeandikwa kinyumenyume. Wakati wenzake wakisaini karatasi bila kuzisoma, yeye kila wimbo wake ulipopigwa na mtu mwingine alilipwa. Na nyimbo zake zilipigwa na watu wengi sana, kwa sababu zilishikika. Kabla hujamkabidhi mtu yeyote wimbo wako, usajili.

Sitakusifia kila kitu. Kati ya 1970 na 1972 alirekodi albamu tatu zenye waimbaji, zikieleza imani yake kuhusu afya na roho. Alizipenda kwa moyo wake wote na zilikuwa na nia safi, ila kwa sikio langu maneno yanaulemea muziki. Wimbo wa Silver unazungumza vizuri zaidi usipopewa maneno. Anza na miaka ya 1954 hadi 1966, hapo hutapata kibaya. Alifariki tarehe 18 Juni 2014 huko New Rochelle, karibu na jiji la New York, akiwa na miaka 85.

Ulivyouliza kuhusu lugha yetu, nimefurahi, maana jibu lipo na watu wetu wengi hawalijui. Si Silver, ni mpiga piano wa rika lake, Randy Weston wa Brooklyn, aliyezaliwa 1926, mtoto wa baba aliyemfundisha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za bara letu zilipata uhuru, Weston alikusanya bendi kubwa New York wakarekodi "Uhuru Afrika". Jina lenyewe Kiswahili. Muziki uliandaliwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni mwenye kipaji cha kupanga ala kama wachache waliowahi kuwapo. Mshairi Langston Hughes aliandika tamko la uhuru, na mwanzoni kabisa tamko hilo linasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru! Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Mara ya kwanza kuisikia sauti ya Sanga ikisimama ndani ya jazi ya New York, nilirudisha mwanzo mara nne kabla sijauacha muziki uendelee.

Kwa kazi ya wiki hii, rudi kwa Silver. La na Mi kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea. Wa kulia usiuguse kwanza; imba. Ukikata pumzi, hapo ndipo sentensi yako inapoishia, na hapo ndipo vidole navyo vitanyamaza utakapoviruhusu kuingia. Ukishaiweza hiyo, tafuta "Peace", wimbo wa taratibu alioutoa mwaka 1959. Utauona mwepesi kuliko yote. Usikilize mara mbili bila kuhesabu, kisha mara ya tatu hesabu vipimo vyake kwa vidole vya mikono. Ni 10, wala si 8 au 12 kama ulivyozoea. Tafuta mwenyewe ni wapi alipoongeza viwili bila wewe kushtuka, halafu niandikie.